Fahamu: Kwa nini mtama uliopigwa na jalidi huua ng'ombe

Ifikapo Oktoba, wafugaji wa Kansas na Nebraska huko Marekani huamkia malisho meupe kwa jalidi. Usiku mmoja unatosha: barafu hupasua seli za majani ya mtama, kemikali zilizokuwa zimetengana hukutana na kuzaa sianidi, sumu inayoweza kumwangusha ng'ombe ndani ya dakika chache. Watoe ng'ombe shambani, usubiri angalau wiki moja majani yakauke kabisa. Kinachoniogopesha zaidi ni yale machipukizi laini, chini ya goti, yanayoota shinani baadaye, kwani yana sumu nyingi na ng'ombe huyakimbilia. Mtama ukikatwa na kukaushwa vizuri, sianidi hupungua sana. Lakini nitrati, sumu nyingine inayoweza kuwamo kwenye mtama, haipungui, hivyo hei (majani hayo makavu) ipimwe maabara kabla ya kulishwa. Hata kwetu, mtama ulionyauka kwa ukame huwa na sumu hiyohiyo.