Kasi ya Mtandao Ipimwe Chumbani

Matangazo ya 5G husifia kasi ya juu kabisa, ile ipatikanayo mnara ukiwa mbele ya macho na watumiaji wachache. Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, kasi hiyo haisemi mengi. Wimbi hugonga kuta na mabati, likaifikia simu kwa njia kadhaa, mwangwi mmoja ukivuruga mwingine. Hapo kinachookoa ujumbe ni mambo mawili: modulesheni, yaani namna biti zinavyopakiwa katika kila pigo la wimbi, na msimbo wa kusahihisha makosa, yaani biti za ulinzi zinazosindikiza data. Pigo lenye hali 256 hubeba biti 8. Lenye hali 4 hubeba 2 tu. Lakini hali 256 zimebanana kama abiria wa matatu ya Jogoo Road jioni: kelele kidogo tu, simu inasoma hali ya jirani.

Ulinzi rahisi ni kutuma kila biti mara tatu, kisha simu ipige kura: 101 isomwe kuwa 1. Ni ghali mno. Mwaka 1950 Richard Hamming alionyesha kwamba biti 4 zikiongezewa 3 za ukaguzi, kosa moja lolote kati ya hizo 7 husahihishika. Data ya 5G hulindwa na msimbo wa LDPC, ambao Robert Gallager aliubuni miaka ya 1960 ukapuuzwa kwa miongo, kwani mitambo ya wakati ule haikuumudu.

Wapo watakaosema biti za ulinzi zinakula nafasi ya data. Claude Shannon alishawajibu mwaka 1948: kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha kasi, chini yake msimbo mzuri hupunguza makosa upendavyo, juu yake hakuna msimbo utakaokuokoa. Mnara unaong'ang'ania biti 8 kwenye njia mbovu huishia kurudia-rudia. Ndiyo maana simu huuarifu kila mara hali ya njia, nao ukapunguza mzigo: kawia ufike. Hoja ya kuongeza minara ina uzito zaidi, kwa kuwa umbali hudhoofisha wimbi. Ila minara jirani inayotumia masafa yaleyale hupigiana kelele, na kazi hurudi kwa msimbo.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupima ubora wa huduma za simu. Kipimo ningependa kukiona ni cha simu iliyo chumbani Makongeni, saa mbili usiku, mlango umefungwa.