Mlio wa Kuondoka na Mlio wa Kuitana

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara ile ile inayopita Uvira na kuteremka kando ya Ziwa Tanganyika kuelekea Baraka na Fizi. Petroli ikaanza kumwagika. Watu wakasogea, wengine kuichota, wengine kutazama tu. Si mbali na hapo, wengine walikuwa wamejaa vibandani wakifuatilia mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230.

Huku Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kelele za hatari huwa za kuitana. Mwizi akivamia nyumba usiku, mmoja anagonga sufuria, jirani anapuliza filimbi, na mtaa mzima unatoka. Ni desturi njema na imeokoa wengi. Lakini petroli iliyomwagika haitaki umati. Inataka ishara ya kuwafukuza watu, na ishara ya namna hiyo haibuniwi wakati hatari imeshafika.

Kuibuni mapema ndiyo kazi ya fundi anayepanga paneli ya kengele za moto. Paneli ni kisanduku cha ukutani, kwa kawaida karibu na mlango mkuu wa jengo. Upande mmoja zinaingia nyaya za vitambua moshi na vitufe vya dharura. Upande wa pili zinatoka nyaya za honi na taa za kumweka. Katikati kuna programu yenye maagizo: likitokea hili, ulie mlio huu, mahali hapa. Hospitalini, kwa mfano, moshi ukionekana stoo, wodi ya jirani inaweza kupewa mlio wa kuondoka mara moja, na wodi ya mbali mlio wa tahadhari tu, ili wauguzi wajiandae bila kuwang'oa wagonjwa kwenye dripu zao pasipo sababu.

Mlio wa kuondoka una mdundo wake, uliowekwa katika kiwango cha kimataifa ISO 8201 cha mwaka 1987. Honi inalia mara tatu, nusu sekunde kila mara, ikinyamaza nusu sekunde kati ya mlio na mlio, kisha inatulia sekunde moja na nusu na kuanza upya. Gesi ya monoksidi ya kaboni, ile inayoua kimyakimya mtu anapolala na jiko la makaa au jenereta ndani ya nyumba, ina mdundo mwingine katika vifaa vya Marekani: milio minne mifupi ya haraka, kisha kimya cha sekunde 5. Anayejua midundo hiyo hahitaji kuuliza kuna nini.

Je, waya wa honi ukikatwa na panya, nani atajua kabla ya siku ya moto? Hapa mafundi walifanya jambo la akili sana. Katika mfumo wa kawaida, siku zote paneli hupitisha umeme mdogo kwenye waya huo, lakini kwa kinyume: chanya mahali pa hasi. Diodi iliyo ndani ya kila honi inauzuia, kwa hiyo honi zinakaa kimya, na umeme unapita kwenye rezista iliyofungwa mwisho wa waya na kurudi. Usiporudi, paneli inajua waya umekatika na inatoa taarifa ya hitilafu. Moto ukigunduliwa, paneli inageuza chanya na hasi, diodi zinafunguka, na honi zote zinalia. Waya ni ule ule. Kinachobadilika ni mwelekeo wa umeme.

Kwa miji inayotegemea sola na jenereta, swali la betri ya paneli ni zito zaidi. Kanuni za Marekani, NFPA 72, zinadai betri ihimili saa 24 bila umeme wa gridi, na baada ya hapo bado iweze kuliza honi kwa dakika 5. Kanuni hizo hizo zinataka vyumba vya kulala vipya viwe na sauti nzito ya hezi 520, kwa sababu watafiti waligundua kwamba ile nyembamba ya vifaa vya zamani haiwaamshi watoto wengi, wala wazee waliopungukiwa na uwezo wa kusikia.

Hata hivyo mlio peke yake hautoshi. Guylène Proulx na Jonathan Sime walilijaribu jambo hili katika kituo cha treni cha Monument, mjini Newcastle, Uingereza, na kuchapisha matokeo mwaka 1991. Kengele ilipolia bila maelezo, abiria walichelewa mno kuondoka. Walipotangaziwa kwa kipaza sauti kuna nini na waende wapi, waliondoka upesi. Kwa Fizi, hilo linaleta swali la lugha: Kiswahili kinaeleweka na wengi, lakini wapo wanaosikia vizuri zaidi Kibembe au Kifuliru, na katika kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, tangazo lisilo na Kirundi litawaacha nyuma watu wengi.

Paneli ni ghali, na soko la Baraka halitaipata kesho. Lakini mpango wake hauna gharama. Wakuu wa masoko, wa shule na wa makanisa wanaweza kukubaliana wiki hii juu ya mdundo mmoja wa kuondoka: mapigo matatu ya chuma, kimya, mapigo matatu tena. Usitumike kwa mwizi wala kwa mkutano. Wautangaze kwa lugha zote za mtaa, waufanyie mazoezi pamoja na watoto, na wamteue mtu wa kuupiga, mchana na usiku.