Neno Wasiwasi katika Hojaji ya Kupimia Wasiwasi: Mtazamo kutoka Nyamira

Makala haya yanadhamiria kufafanua namna hojaji ya kujijazia inavyoundwa na kuthibitishwa ili kuwatambua watu wenye ugonjwa wa wasiwasi. Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika uwanja wa madaktari. Jibu ni kwamba kipimo hiki hakina sindano wala darubini. Kina maneno tu.

Hojaji mojawapo inayotumika sana ni GAD-7, iliyochapishwa mwaka wa 2006 na Robert Spitzer na wenzake nchini Marekani. Ina maswali saba kuhusu majuma mawili yaliyopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu ni 21. Waundaji walilinganisha alama hizo na uamuzi wa wataalamu, wakaona kwamba kiwango cha alama 10 kiliwanasa wagonjwa 89 katika kila 100 na kuwaondolea shaka wasiougua 82 katika kila 100. Huo ndio uhalali. Utegemevu ni jambo jingine: maswali kukubaliana yenyewe kwa yenyewe, na mtu kupata alama zinazokaribiana apimwapo tena.

Kwa desturi, hojaji hutafsiriwa, kisha mfasiri mwingine huirejesha katika lugha chasili. Njia hii ina upofu wake. Mojawapo ya majibu ya GAD-7 hurejelea zaidi ya nusu ya zile siku kumi na nne. Tukiandika 'zaidi ya nusu ya siku', mfasiri atalirejesha bila kasoro, maadamu anajua kinachotarajiwa. Lakini nomino 'siku' haibadiliki katika wingi. Mama aliyeketi kwenye foleni ya zahanati huko Keroka anaweza kuelewa tangu asubuhi hadi alasiri, naye akakosa alama ambayo ingemfikisha kwa daktari. Heri tuandike 'zaidi ya siku saba'. Vivyo hivyo 'kutotulia': mtu mzima ambaye 'hajatulia' hushukiwa mambo mengine kabisa, na ni nani atakayekiri hayo mbele ya muuguzi?

Neno 'wasiwasi' lenyewe lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya mnong'ono wa Shetani, na kwetu hubeba pia shaka; 'nina wasiwasi naye' ni kumshuku mtu. Aidha, neno hili moja laweza kujaza maswali matatu ya kwanza. Hapo utegemevu utapanda, si kwa ubora wa hojaji, bali kwa sababu tumeuliza swali moja mara tatu.

Toleo la Kiswahili lilijaribiwa Kilifi miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yakaonyesha kwamba linafaa. Hata hivyo, Nyamira si Kilifi. Wengi hapa huanza na Ekegusii, na hofu yao huisimulia kwanza kwa lugha hiyo. Kwa maoni yangu, kabla ya kuhesabu chochote, wakaazi wachache waombwe kusoma kila swali na kulieleza upya kwa maneno yao, kwa Ekegusii wakipenda. Anayehitajika kuwasikiliza ni mjuzi wa lugha zote mbili, na idara zetu za Kiswahili wanao.