Je, Wajua? Yaliyojiri Nyuma ya Kamera za Sholay

Filamu ya Sholay ilianza kuonyeshwa India tarehe 15 Agosti 1975. Je, wajua kwamba:

• Kijiji cha Ramgarh kinachoonekana katika filamu hiyo hakikuwepo? Mwongozaji Ramesh Sippy alikijenga chini ya majabali ya Ramanagara, karibu na Bangalore, na upigaji picha ulianza Oktoba 1973.

• Amjad Khan hakuwa chaguo la kwanza la kuigiza jambazi Gabbar Singh? Nafasi hiyo alipewa Danny Denzongpa, lakini tayari alikuwa ameahidi kwenda Afghanistan kurekodi Dharmatma. Amjad, wakati huo mgeni kwa watazamaji wengi, akaingia na kung'ara.

• Onyesho fupi la mjane Radha akizima taa, huku mhusika mwenzake Jai akipuliza kinanda cha mdomo, lilichukua takriban siku 20 kurekodiwa? Mpiga picha Dwarka Divecha alitaka mwanga wa magharibi, jua likiwa limetua na giza halijaingia. Mwanga huo hudumu dakika chache tu, hivyo kila jioni walipata kipande kidogo, wakarudi kesho yake.

• Mwisho wa filamu ulibadilishwa? Awali mhusika Thakur, aliyekatwa mikono, alimuua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu wakakataa, wakati India ikiwa chini ya hali ya hatari, ndipo polisi wakaongezwa kuja kumkamata Gabbar. Mwaka 2025, nakala iliyokarabatiwa yenye mwisho wa awali ilionyeshwa Bologna, Italia.