Turubai bovu laweza kurudisha mzigo mzima mpakani

MVUA ya masika haipigi hodi. Huikuta Namanga foleni ya malori yamesimama, madereva wakisubiri karatasi zikamilike, utingo wamejikunyata chini ya matela, na mwenye mahindi yuko Nairobi akipiga simu kila baada ya nusu saa. Juu ya magunia 300 kuna kitu kimoja tu kinachotenganisha mali na maji: turubai.

Mfanyabiashara wa nafaka anayevuka mpaka huhangaika na mengi kabla ya safari. Hutafuta bei, hutafuta gari, humtafuta wakala wa forodha, hulipia cheti cha afya ya mimea, hulipia vipimo. Turubai hulikumbuka mwisho, tena mara nyingi halikumbuki kabisa, kwa sababu ni la mwenye gari. Lori likija na turubai limekunjwa juu ya kabini, huonekana mambo yamekamilika.

Hapo ndipo hasara nyingi za msimu wa mvua zinapoanzia. Cheti anachokwenda nacho mpakani kinaeleza mahindi yalivyokuwa siku yalipopimwa. Kinachohakikisha kwamba yatafika yakiwa vilevile si cheti, ni turubai.

Kiwango ni kimoja kwa wote

Kwa mujibu wa kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, unyevu wa mahindi hautakiwi kuzidi asilimia 13.5. Sumukuvu ya aflatoksini kwa jumla haitakiwi kuzidi sehemu 10 kwa bilioni, na aina yake iliyo hatari zaidi, B1, isizidi sehemu 5 kwa bilioni.

Wafanyabiashara wengi walizizoea tarakimu hizo kwa machungu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache, lakini lilipoondolewa liliacha masharti nyuma yake: waingizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha ubora kinachothibitisha kwamba sumu haijavuka sehemu 10 kwa bilioni, na uwe na cheti cha asili kinachoonyesha yalikotoka mahindi.

Masharti hayo hayakutoka hewani. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, zaidi katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaostawi kwenye joto na unyevu, na ikishaingia kwenye punje haitoki. Kuyaanika mahindi upya huzuia kuvu wasiendelee, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Kupika ugali hakuiondoi.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya tatizo huanzia shambani na kwenye ukaushaji mbaya. Turubai haliwezi kuyasafisha mahindi yaliyopakiwa yakiwa mabovu. Lakini turubai bovu laweza kuyaharibu mahindi yaliyopakiwa yakiwa mazuri, na hasara ya namna hiyo ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa mwenye mali alikwisha kufanya kila kitu sawasawa.

Nusu lita kwa gunia

Tuchukue hesabu rahisi. Gunia la kilo 100 la mahindi yenye unyevu wa asilimia 13 lina kilo 13 za maji ndani yake. Likiongezewa nusu lita na ushee ya maji, limefika asilimia 13.5, ukomo wenyewe. Likiongezewa karibu lita 2.4, limefika asilimia 15, na kwa kiwango cha Jumuiya hilo si gunia la kuuzwa tena.

Sasa tutazame maji yanayoangukia gari. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tela lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.4 lina paa la karibu mita 29 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika yaweza kunyesha jioni moja tu, huangusha juu ya turubai hilo lita zipatazo 580. Asilimia moja ya maji hayo ikipenya, ni karibu lita sita.

Na maji hayo hayagawanyiki sawasawa kwa magunia yote 300. Huingia penye tundu, yakalilowesha gunia moja au mawili kabisa, kisha yakatiririka hadi sakafuni. Mkaguzi akichoma bambo kwenye gunia kavu, mzigo umepita. Akichoma kwenye lililolowa, maswali yanaanza. Hata lisipoguswa na bambo, gunia hilo litaendelea kuchemka katikati ya mengine hadi ghalani kwa mnunuzi, na harufu yake itawasili kabla ya ankara.

Maji hupitia wapi

Njia ya kwanza ni vitundu vidogo. Turubai la plastiki huchakaa kwenye mikunjo, kwenye pete za kamba na pale linaposuguana na kona za chuma za bodi. Machoni huonekana zima. Namna ya kulipima ni kulitandaza juu ya gari mchana wa jua kabla ya kupakia, mtu mmoja akaingia chini yake na kutazama juu. Kila nukta ya mwanga ni njia ya maji. Zitiwe alama kwa chaki na kupelekwa kwa fundi, ambaye hubandika kiraka kwa gundi au kwa joto. Kiraka kibandikwe sehemu ikiwa kavu na safi. Kikibandikwa juu ya vumbi na grisi hubanduka kwa upepo wa kilomita za mwanzo.

Njia ya pili ni dimbwi. Magunia ya juu yakipangwa bapa, turubai hulegea katikati na maji hukaa hapo. Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 10 ni kilo 100 za maji zilizolala juu ya mali yako usiku kucha, zikitafuta tundu. Dawa yake ni matao ya chuma yanayoliinua turubai, au, kwa gari lisilo na matao, kuyapanga magunia ya mstari wa katikati juu zaidi ili kuwe na mgongo kama wa paa la nyumba. Gari likisimama foleni, utingo, au tanboi kama wanavyomwita Kenya, alitazame turubai kila mvua inapokatika na kuyamwaga maji yaliyojikusanya.

Njia ya tatu ni maungio. Mzigo mrefu hufunikwa kwa maturubai mawili, na wengi huyapandanisha vyovyote. Linalotakiwa kutandikwa kwanza ni la nyuma, kisha la mbele lilalie juu yake kwa mita moja au zaidi. Kwa mpangilio huo upepo wa mwendo hulikandamiza ungio. Ukigeuzwa, upepo huingia chini ya ungio, hulifumua, na mvua hufuata.

Njia ya nne ni chini. Sakafu ya tela yenye mbao zilizooza au matundu hurusha maji ya barabarani hadi kwenye magunia ya chini. Maji yanayoingia kwa juu nayo huishia hapohapo. Sakafu ifagiwe na kukaushwa, matundu yazibwe, na magunia yapangwe juu ya mbao ili yasikae kwenye maji.

Jasho la mzigo

Wapo wanaofika mpakani na mahindi yaliyolowa ilhali mvua haikunyesha. Turubai zima, kamba zimekazwa, lakini magunia ya juu yana umande. Hilo ni jasho la mzigo wenyewe.

Mahindi yenye unyevu yakifunikwa kwa plastiki na kupigwa jua kutwa, hutoa mvuke. Usiku gari likipanda kwenye baridi, turubai hupoa, mvuke hugeuka matone chini yake na kudondoka juu ya magunia. Gari linalotoka soko la Kibaigwa, Dodoma, kupitia Babati na Arusha hadi Namanga husafiri zaidi ya kilomita 500 na hupita kwenye joto na baridi. Likisimama siku mbili au tatu, mchezo huo hujirudia kila usiku.

Turubai la kanvasi ya pamba hupumua kuliko la plastiki, ingawa ni zito na lina sharti lake: likiwa limelowa, gunia linalolisukuma kutoka chini huvuta maji pale linapogusa. Lakini kinga ya kwanza ya jasho ni kupakia mahindi makavu. Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kuchukua chupa kavu ya kioo, akatia mahindi na chumvi kavu, akatikisa vizuri, kisha akaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi na hayastahili kupakiwa. Isipoganda, bado haijathibitika kwamba yako chini ya 13.5; hapo kipimo cha mashine ndicho cha kuaminika.

Siku ya jua, gari likiwa limesimama mahali salama, kufungua pande za turubai kwa saa chache hutoa mvuke. Hilo ni kwa mzigo usiofungwa na forodha tu.

Turubai lililochanika na macho ya forodha

Kwa mzigo unaopita nchi moja kwenda nyingine chini ya sili, kamba ya forodha hupitishwa kwenye pete za turubai na kufungwa. Maana yake ni kwamba turubai limekuwa sehemu ya kufuli. Likichanika njiani, hata kama ni tawi la mti lililolikwangua, afisa anaona mahali ambapo mkono ungeweza kuingia. Ana haki ya kuuliza kama kilichopakiwa ndicho kilichofika, na ana haki ya kuagiza mzigo ushushwe na kuhesabiwa.

Dereva asithubutu kuifungua kamba hiyo ili kuziba tundu. Aende kituo cha forodha kilicho karibu, aeleze kilichotokea, na matengenezo yafanyike mbele ya maafisa. Picha iliyopigwa papo hapo, yenye tarehe na saa, humsaidia.

Namanga ni kituo cha pamoja tangu kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, na ukaguzi hufanyika upande wa nchi gari linakoingia. Utaratibu huo umepunguza kusimama mara mbili. Lakini hauwezi kumsaidia mtu ambaye mzigo wake umefika ukiwa na kasoro.

Hasara ni ya nani?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulijibu wakiwa wamekwisha kuchelewa. Mwenye gari husema yeye alikodishwa kubeba, na kwamba mahindi yalikuwa mabichi toka yanapakiwa. Mwenye mali husema turubai lilikuwa bovu. Kama hakuna karatasi, ugomvi huo hauna mshindi, na mahindi yanaendelea kuharibika wakati wanabishana.

Wengine hudhani kadi ya njano ya COMESA itawalipa. Kadi hiyo hushughulikia madai ya watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari, pamoja na matibabu ya waliokuwa ndani ya gari. Mzigo uliobebwa haumo. Bima ya mali iliyo safarini hununuliwa peke yake, na mnunuzi anapaswa kuuliza mapema kama inalipa uharibifu wa mvua na kwa masharti gani ya ufunikaji.

Kilicho rahisi zaidi ni kuandikiana. Mistari michache inatosha: unyevu wa mahindi wakati wa kupakia, hali ya turubai baada ya kukaguliwa na pande zote mbili, na nani atawajibika maji yakiingia. Kila upande ubaki na nakala, na picha za turubai kabla na baada ya kufunga zihifadhiwe kwenye simu.

Wenye magunia machache

Anayevusha magunia matano au kumi kwa utaratibu rahisi wa forodha, ule wa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huwa hana lori lake. Huchanga gari na wenzake kule Busia, Mutukula au Holili. Gunia moja la mwenzake lililopakiwa likiwa bichi huyatolea jasho ya wote. Kikundi kinachochanga gari hakina budi kuchanga na turubai, kiwe nalo lake, na kipime kila gunia kabla halijapanda.

Na turubai lenyewe lina haki yake. Likunjwe likiwa kavu, kwa sababu likikunjwa bichi kanvasi huota ukungu na pete hushika kutu. Liwekwe juu ya mbao, mbali na panya, dizeli na maji ya betri. Lisiburutwe chini. Lisiachwe juani miezi yote ya kiangazi juu ya gari tupu, kwa kuwa jua hulila polepole, na mwenyewe huja kugundua siku ya mvua ya kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye mahindi, kiraka kinachobandikwa leo uwanjani huepusha nauli ya kurudi, gharama za kushusha na kupakia upya, siku za kusubiri kipimo kingine, na mnunuzi aliyekwisha kununua kwa mwingine. Anayepakia msimu huu wa mvua aanze na dakika kumi chini ya turubai lililotandazwa, akitazama juu, kabla gunia la kwanza halijapanda.