RPS19: Jeni ambayo hitilafu yake humnyima mtoto damu

MTOTO mchanga anapoanza kupauka, kuchoka na kushindwa kunyonya, aghalabu wazazi hudhani kwamba amepungukiwa na madini ya chuma au ameambukizwa malaria. Hata hivyo, kwa watoto wachache, kiini cha tatizo hilo huwa jeni iitwayo RPS19.

Jeni hiyo, iliyo katika kromosomu ya 19, hubeba maagizo ya kuunda mojawapo ya protini takriban 80 zinazojenga ribosomu. Ribosomu ni mfano wa kiwanda kidogo ndani ya seli, ambako protini za mwili hutengenezwa. Ina sehemu mbili, kubwa na ndogo, na bila protini ya RPS19 ile ndogo haikamiliki.

Kila binadamu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi. Nakala moja ikiharibika, ile iliyosalia haitoshelezi mahitaji, na ribosomu hupungua. Wanaoathirika zaidi ni seli changa za uboho, ambazo hulazimika kugawanyika kwa kasi na kuunda himoglobini kwa wingi ili ziwe chembechembe nyekundu za damu. Nyingi hufa kabla ya kukomaa.

Maradhi hayo huitwa anemia ya Diamond-Blackfan, kutokana na majina ya madaktari Louis Diamond na Kenneth Blackfan wa Boston, Marekani, walioyaeleza mwaka wa 1938. Mnamo 1999, watafiti waligundua kuwa RPS19 ndiyo chanzo kwa takriban robo ya wagonjwa. Jeni nyingine za ribosomu zimehusishwa nayo baadaye.

Vidonge vya kuongeza madini ya chuma havitibu hali hii. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwa dawa aina ya steroidi, ilhali wengine huongezewa damu kila baada ya wiki chache. Damu hiyo nayo huleta chuma kingi kinachorundikana katika moyo na ini, hivyo mgonjwa huhitaji dawa za kukiondoa.

Upandikizaji wa uboho unaweza kumaliza upungufu huo wa damu. Lakini kabla ya ndugu kutoa uboho wake, sharti jeni zake zichunguzwe, kwani anaweza kuwa na hitilafu iyo hiyo bila kuonyesha dalili yoyote.