"TAKE" SI "CHUKUA" KILA MAHALI

Kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho hututoa jasho sisi wanafunzi tunapoandika insha. Kitenzi hicho ni "take". Kikitujia tu akilini, kalamu hukimbilia "chukua". Ndiyo maana hapa shuleni utamsikia mtu akisema eti, "Nilichukua basi," mwingine, "Tulichukua picha," na wa tatu, "Nimechukua chai." Hebu fikiri! Huyo aliyechukua basi alilibeba mabegani au aliliiba? Na hao waliochukua picha, si waliibandua ukutani wakaenda nayo?

Kumbe hata Waingereza wenyewe walilikopa neno hili. Lililetwa na Waviking kutoka Skandinavia, walioanza kuvamia Uingereza katika karne ya 8. Wao walisema "taka" (usidhani ni taka yetu ya jalalani, ni sadfa tu). Neno hilo lililisukuma kando neno la kale la Kiingereza, "niman", kisha likapanuka hadi leo linaingia karibu kila mahali.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Aghalabu Kiswahili hutaja tendo lenyewe. Tazama:

Kwanza, mambo ya kinywa. Chai hunywewa, tembe humezwa, na kiapo nacho huliwa! Shahidi mahakamani hula kiapo.

Pili, mambo ya miguu. Basi au matatu hupandwa. Mtoto anayejifunza kutembea hupiga hatua.

Tatu, mambo ya mikono na akili. Picha hupigwa, mtihani hufanywa na kisasi hulipizwa.

Nne, "take" ikifuatwa na kijineno kingine hubadilika kabisa kama kinyonga. Kwa "take off", ndege hupaa lakini shati huvuliwa. Kwa "take after", mtoto hufanana na mamake. Kwa "take place", mkutano hufanyika.

Je, tuitupe "chukua"? La hasha! Safari huchukua saa tano, na mwalimu mkuu huchukua hatua dhidi ya watoro. Hayo ni sawa kabisa. Tena "chukua" ina utamu wake ambao "take" haina. Nguo ikikupendeza mwilini, twasema imekuchukua. Watu wanaopatana, wanachukuana. Anayebeba mizigo ni mchukuzi. Mtu anayewatunza wazazi wake uzeeni, anawachukua. Haya ndiyo tunayoyasahau huku tukihangaika na ya wenyewe.

Labda utaniuliza, "Si bora tu tunaelewana?" Basi tuseme mama amempeleka mtoto hospitalini. Daktari anauliza kama mtoto ameshapata dawa, naye mama anajibu, "Amechukua." Je, mtoto ameimeza, au ameipokea dirishani na bado iko mfukoni? Daktari akikisia vibaya, mtoto huenda akapewa dawa mara mbili au akakosa kabisa. Neno moja tu hilo! Sisi nasi tuna yetu: karatasi ya insha katika K.C.S.E. ina alama 40, na mtahini hana nafasi ya kukuuliza ulikusudia nini.

Ushauri wangu ni huu. Ukitaka kuandika "chukua", jiulize kwanza: kitu hiki kimeshikwa au kimebebwa kweli? Kama sivyo, tafuta tendo lenyewe: kunywa, kupanda, kupiga, kuvua. Ukiwa na shaka, kamusi iko maktabani, ifungue. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Kiswahili kina vitenzi vyake tele, tuvitumie.

Kiswahili kitukuzwe!